Kikao cha kusikiliza soul na indie sebuleni: hatua kwa hatua, kwa wadau wa Dodoma

Maswali ni yale yale. "Nimerusha wimbo mkali kwenye grupu, watu wameona, hakuna aliyeusikiliza. Nakosea wapi?" "Nianze na nyimbo ngapi?" "Sabufa ya kawaida inatosha?" "Nipakue wapi bila kuiba?" Majibu yote yamewekwa hapa pamoja, ili anayeanza asilazimike kuuliza kimoja kimoja.

Jambo la kwanza kuelewa: wimbo mgeni hausikilizwi kwa kurushiwa. Bongo Fleva mpya mtu ataisikia kwenye daladala, saluni na redioni hata asipoitafuta. Wimbo wa soul uliorekodiwa Memphis, Marekani, au wa bendi ndogo ambayo redio za hapa hazijawahi kuipiga, hauna msaada huo. Unahitaji mtu akae, atulizwe, aambiwe asikilize nini. Kwa hiyo kaeni kwanza. Viungo vya mtandaoni vifuate baadaye.

Kuhusu majina, kwa kifupi. Soul ni mtindo: uimbaji uliotoka kanisani ukaingia kwenye nyimbo za mapenzi na maisha. Indie, kwa asili yake, ni habari ya nani anatoa muziki, yaani msanii anayejitegemea au lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ndogo. Daptone ya Brooklyn, iliyoanzishwa 2001, ni lebo ya indie inayotoa soul. Michael Kiwanuka anaimba soul, lakini albamu zake zimetoka Polydor, ambayo ni lebo kubwa. Kikao chako kinaweza kubeba vyote viwili. Usipoteze jioni nzima mkibishana kuhusu kopo wakati maziwa yanapoa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu 6 hadi 10. Wakizidi hapo, walio nyuma wataanza mazungumzo yao.
- Nyimbo 10, na 2 za akiba.
- Simu moja au kompyuta moja ya kupigia. Moja tu.
- Sabufa yenye spika ndogo mbili. Spika ya kuchaji inafaa pia, na ni mkombozi umeme ukikatika.
- Waya wa AUX wa milimita 3.5, urefu mita 3.
- Flashi yenye nyimbo zote, iwe akiba.
- Zulia au mkeka mkubwa, na pazia zito dirishani.
- Vipande 12 vya karatasi ngumu na kalamu.
- Kitafunwa kisicho na kelele. Zabibu zinafaa sana, na hapa Dodoma hazihitaji kutafutwa mbali. Karanga za maganda ziache: zinapasuka katikati ya gitaa moja linalonong'ona.

Hesabu ya muda ni hii: nyimbo 10 za dakika 4 ni dakika 40. Kila wimbo unapewa dakika 1 ya utangulizi na dakika 4 za mazungumzo, jumla dakika 50. Ongeza mapumziko dakika 15 na uchelewaji wa wageni dakika 15. Hizo ni saa mbili kamili. Ukiweka nyimbo 20 utalazimika kufuta mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayomfanya mtu akumbuke wimbo kesho yake.

Hatua

1. Chuja ulichogundua. Sikiliza kila wimbo mara tatu: mara moja kwa hedifoni, mara moja kwenye spika utakayotumia, na mara moja baada ya siku mbili. Halafu jaribu kumalizia sentensi hii: "Sikiliza pale ambapo..." Ukishindwa kuimalizia, wimbo huo bado haujauelewa vya kutosha kumpa mtu mwingine. Uweke kando, utapata zamu yake.

Ukikosa pa kutafutia, usitegemee mapendekezo ya programu peke yake, kwa sababu yanakurudisha kwenye vile vile ulivyokwisha kupenda. Fuata watu waliopiga ala. Kule Stax, lebo ya soul ya Memphis, bendi moja ya studio, Booker T. & the M.G.'s, ilipiga nyuma ya waimbaji wengi tofauti miaka ya 1960. Ukipenda ngoma na besi kwenye rekodi moja, tayari una mlango wa rekodi nyingine nyingi. Vivyo hivyo kwa lebo ndogo: fungua ukurasa wa lebo kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na usikilize waliotoa kazi mwaka mmoja na msanii unayempenda. Njia hii inachukua muda, lakini ndiyo inayoleta vitu ambavyo wenzako hawajavisikia.

Kikao cha kwanza leta nyimbo 6 mwenyewe, na waombe marafiki wawili walete 2 kila mmoja. Kuanzia cha pili, kila mgeni alete wake.

2. Andika kadi ya kila wimbo. Kadi moja, wimbo mmoja, mistari mitano: msanii, wimbo, albamu na mwaka, urefu, na cha kusikiliza. Mfano:

*Michael Kiwanuka. "Cold Little Heart". Love & Hate, 2016. Karibu dakika 10. Sikiliza: sauti yake haiingii mpaka karibu dakika ya 5, kabla ya hapo ni vinanda vya nyuzi, waitikiaji na gitaa peke yao.*

Mstari wa mwisho ndio unaobeba kadi nzima. Asiyeambiwa kwamba sauti inachelewa atadhani ni wimbo wa ala tupu, na dakika ya tatu atakuwa ameshika simu yake. Akiambiwa, anausubiri mlango ufunguke. Andika pia urefu sahihi wa toleo ulilonalo, maana wimbo huu una toleo fupi linalotumika sana, na toleo hilo limekata sehemu kubwa ya ule mwanzo. Ukipiga fupi huku kadi inasema dakika 10, umewaharibia.

Usiandike wasifu wa msanii. Jambo moja linatosha, liwe linalobadilisha usikilizaji. Kwa mfano, mwimbaji wa soul Charles Bradley alitoa albamu yake ya kwanza 2011, akiwa na miaka 62. Ukilijua hilo, ile sauti iliyochanika unaisikia kwa sikio jingine kabisa.

3. Pata faili kwa njia halali. Bandcamp inakuruhusu kusikiliza kwanza, kisha kununua na kupakua. Bei huwekwa na msanii, na baadhi huruhusu ulipe unachoweza. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na gharama za malipo zinafuata, kiasi kikubwa kikienda kwa msanii au lebo. Utahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au kadi ya mtandaoni ya huduma yako ya pesa kwa simu. Weka salio la kutosha pamoja na makato ya kubadilisha fedha, la sivyo malipo yatagoma na utadhani tovuti ni mbovu.

Chagua FLAC, faili lisilopunguza ubora, kama una kompyuta na nafasi. Wimbo wa dakika 4 huwa takribani MB 25 hadi 30. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni karibu MB 10 kwa wimbo huo huo na inatosha kabisa kwa sabufa ya nyumbani. Pakua siku moja kabla, usiku, bando likiwa na kasi. Kupiga moja kwa moja mtandaoni kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde kunakula takribani MB 72 kwa saa, kwa hiyo tatizo si gharama. Tatizo ni mtandao kusimama katikati ya kibwagizo.

4. Sawazisha sauti. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanashangaa. Rekodi za zamani huwa na sauti ya chini. Za siku hizi zimekandamizwa ili zivume. Ukipiga wimbo wa 1966 halafu wa 2020 bila kugusa kitufe, wageni wataruka kwenye viti.

Njia rahisi: piga sekunde 20 za sehemu yenye kelele zaidi ya kila wimbo, weka sauti unayoipenda, andika namba yake nyuma ya kadi. Siku ya kikao unafuata namba.

Njia ya kompyuta: tumia Audacity, programu ya bure, kwenye nakala za FLAC. Weka nyimbo zote kwenye −18 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Kipimo hicho ni cha chini makusudi, kwa sababu tunataka kuzishusha zenye makelele, si kuzipandisha zilizotulia hadi zikwaruze. Usiguse faili asili.

5. Panga mfululizo. Usianze na wimbo unaoupenda kuliko zote. Masikio bado yako barabarani, wengine wanatafuta pa kuweka viatu. Anza na unaofanana na kitu wanachokijua.

Kwa Dodoma, mlango huo upo wazi: kwaya. Mtu aliyekulia kwenye kwaya anakamata soul haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu mwimbaji anaita na waitikiaji wanajibu, na ubishi kati yao ndio utamu. Weka wimbo wa namna hiyo wa kwanza. Wa pili uwe wa taratibu. Wa tatu au wa nne leta ya kwetu: Hukwe Zawose, mzaliwa wa Nzali mkoani hapa, ambaye zeze, ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na sauti yake vilifika duniani kupitia Real World, lebo ya Uingereza iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Mwanawe Msafiri ametoa kazi na Soundway, na The Zawose Queens wametoa albamu yao 2024, nayo kwa Real World. Wengi wetu tunapita Chamwino kila wiki bila kujua kwamba muziki wa Kigogo umo kwenye rafu zile zile za wapenzi wa indie wa Ulaya. Baada ya Zawose, rudisha soul yenye waitikiaji wengi, na utaona vichwa vinavyogeuka.

Wimbo mrefu au mgumu uwe wa sita au wa saba, baada ya mapumziko. Funga na unaochezeka. Usiweke nyimbo tatu za taratibu mfululizo, na usiweke mbili za msanii mmoja.

6. Andaa chumba. Spika ndogo mbili ziachane mita 2, ziinuliwe hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, kama mita 1 kutoka sakafuni, na zielekezwe kidogo ndani. Ziache sentimita 30 kutoka ukutani. Sabufa yenyewe itoe kwenye kona, maana kona inaongeza besi hadi kila wimbo unanguruma sawa. Kitufe cha besi kiwe katikati. Najua mkono unawasha, lakini gitaa la besi kwenye soul linaimba. Ukiliongeza kupita kiasi linageuka mngurumo usio na noti.

Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti. Tandika zulia kati ya spika na wasikilizaji, shusha pazia. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unaorudi kama wa kopo, ongeza nguo, mito, hata godoro lililosimamishwa nyuma ya viti.

Nyumba ya mabati bila dari na mvua za Desemba hadi Machi haviendani. Wingu likiwa zito, ahirisha au hamia kwa mwenye dari. Ukipenda uani, kumbuka upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi: unabeba sauti za juu na kuacha besi tu, na vumbi linaingia kwenye spika. Spika iegemee ukuta, iwe upande uliokingwa.

7. Endesha kikao. Jumapili saa 10 alasiri ni muda mzuri: mnamaliza saa 12, kabla ya adhana ya Magharibi, jirani hajakasirika, na wanaorudi Nzuguni au Ihumwa bado wanapata usafiri. Mjulishe jirani mapema. Mwambie shikamoo kama ni mkubwa kwako, mweleze saa ya kumaliza, na umkaribishe. Mara nyingi anakuja.

Simu ya kupigia iwe kwenye hali ya ndege, halafu uwashe bluetooth peke yake ikiwa hutumii waya. Soma kadi, dakika moja, isizidi. Piga wimbo wote. Sauti iwe ya kiasi ambacho watu wawili waliokaa jirani wangeweza kusemezana bila kupaza. Ukiisha, nyamaza sekunde kumi. Usiseme "mnaonaje?", maana jibu lake ni "mzuri" na mazungumzo yamekufa. Uliza kitu chenye jibu: "Dada, umesikia ala gani iliyoingia mwisho?" "Nani kasikia pale ngoma ziliponyamaza?"

Wakiwepo wazee, wape nafasi. Novemba 1969 viongozi wa mkoa walipiga marufuku soul Dar es Salaam, na aliyekuwa kijana wakati ule huenda ana la kusema kuliko kadi yako. Akianza, kata wimbo mmoja kwenye orodha, msikilize.

Mkitaka kufanyia kwenye mgahawa au baa badala ya nyumbani, muulize mwenye eneo kama ana leseni ya hakimiliki ya kupiga muziki hadharani. Asipokuwa nayo, rudini sebuleni.

8. Fuatilia kwenye grupu. Usirushe nyimbo 10 usiku ule ule. Rusha kiungo kimoja kwa siku, kwa siku kumi, saa ile ile, na juu yake uandike ule mstari wa "sikiliza pale ambapo" pamoja na jina la aliyeuleta. Rusha kiungo cha ukurasa wa msanii, si faili lenyewe. Faili likishaanza kuzunguka, msanii wa lebo ndogo amekosa shilingi aliyokuwa aipate, na kwa hao shilingi chache ndizo zinazolipia studio.

Makosa yanayojirudia

Kuongea juu ya wimbo. Hata ukiwa na jambo zuri la kusema, lishike mpaka wimbo uishe.

Kuruka wimbo katikati kwa sababu uso wa mtu mmoja umekunjamana. Umemnyima mwenye nao na umewafundisha wengine kuogopa kuleta wao.

Kumpima mgeni kwa asichokijua. "Hujawahi kumsikia Otis Redding?" ni sentensi inayofukuza watu. Sema "leo utamsikia".

Kupigia YouTube na matangazo yake. Tangazo la sabuni likiingia baada ya wimbo wa msiba, jioni imevunjika.

Matatizo na tiba

*Muziki unasikika lakini mwimbaji ametoweka, au amebaki kama mwangwi wa mbali.* Plagi ya AUX haijaingia yote. Waya wa pamoja ukikosa mguso, vilivyo sawa kushoto na kulia vinafutana, na sauti ya mwimbaji huwa katikati. Isukume mpaka isikike ikibofya. Ikikataa, toa kava la simu, maana mara nyingi ndilo linaloizuia.

*Mwimbaji yuko spika moja tu.* Kama ni rekodi ya katikati ya miaka ya 1960, huenda ilichanganywa hivyo: ala upande mmoja, sauti upande wa pili. Tafuta toleo la mono, lenye sauti ile ile kwenye spika zote, au wasogeze watu wakae katikati.

*Mvumo wa "mmmm" usioisha.* Simu inachajiwa huku imeunganishwa na waya. Toa chaja. Ndiyo maana simu iingie kikaoni ikiwa imejaa.

*Bluetooth inakatakata.* Simu iko mfukoni au chumba cha pili, au inajaribu kushika spika nyingine. Iweke mezani, ndani ya mita 3, isizuiliwe na mtu wala ukuta, na futa vifaa vya zamani kwenye orodha.

*Umeme umekatika.* Zima sabufa kwenye swichi ya ukutani papo hapo, maana umeme ukirudi kwa nguvu ndipo unapounguza vifaa. Hamia kwenye spika ya kuchaji, waite watu wasogee karibu, na piga nyimbo za gitaa na sauti. Zile za besi nzito zingoje.

*Mtu anasema spika imepasuka wakati wa ilimba.* Haijapasuka. Ilimba imetengenezwa ivume hivyo, na mvumo ule ni sehemu ya sauti yake. Mwambie kabla ya kupiga. Ili kuhakikisha, piga wimbo mwingine wenye sauti nyororo. Mvumo ukiendelea, hapo ndipo ukague spika.

*"Shhh" ya chini kwenye soul, hata za miaka ya karibuni.* Ni mkanda. Daptone wanajulikana kwa kurekodi kwenye mkanda, si kwenye kompyuta. Usipunguze sauti za juu kuiondoa, utaondoa na matoazi.

*Hakuna anayeongea.* Mpe kila mtu kipande cha karatasi aandike neno moja, kisha someni kwa zamu. Wakimya huandika maneno mazuri kuliko wasemaji.

*Grupu limepoa baada ya wiki mbili.* Punguza hadi kiungo kimoja kwa wiki, na kirushwe na mtu tofauti kila mara. Mwenye grupu akiwa mrushaji pekee, wengine hugeuka watazamaji.

*"Ule wimbo wa yule dada mwenye sauti nzito ulikuwa unaitwaje?"* Piga picha kadi zote 10 zikiwa zimepangwa mezani kwa mpangilio mliozisikiliza, uiweke kama picha ya grupu mpaka kikao kijacho.